Mdoli Uliorudi Mweupe

San Po Kong, Hong Kong
4 Septemba

Kwa dada yangu mpenzi Wai-sum,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Ho-fai, na kwamba mwanao Ching amepona kile kikohozi kilichokuwa kikimnyima usingizi. Mimi sijambo. Joto la mwaka huu limetuchemsha vya kutosha, na kimbunga cha wiki iliyopita kiling'oa kiyoyozi cha jirani kikakitupa barabarani, lakini hakuna aliyeumia na sasa hewa imetulia.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza mdogo wako Kiu amepatwa na nini hata anunue stempu. Sababu ni wewe mwenyewe. Kila nikikudokezea kwenye simu habari za Mama, naona kabisa kwamba umesoma, halafu unanijibu kuhusu mvua ya Manchester. Nimechoka na mvua ya Manchester. Baada ya ile simu ya Mwaka Mpya uliniwekea sharti kwamba tusimtaje Mama mpaka aombe radhi. Ukiondoa vidokezo hivyo, nimelishika sharti hilo kwa zaidi ya mwaka, na muda wote huo moyo umeniuma, maana nakaa katikati yenu kama mlango unaobamizwa na pande zote mbili. Leo nalivunja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Kwanza nikuambie kwamba sikulaumu. Nilikuwepo sebuleni siku ile, nilimsikia kwa masikio yangu. Siku ya kwanza ya mwaka, siku ambayo kwetu hata ufagio haushikwi, yeye akakwambia unalea mtoto atakayekuja kumzika kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe nilitaka kuzama chini ya kochi. Ukakata simu, na haki ulikuwa nayo. Alichobaki akifanya Mama hukukiona: aliishika simu muda mrefu, akaiweka, akaenda jikoni, akamenya chungwa. Akalipanga vipande kwenye sahani. Halafu akasimama na sahani ile mkononi akiwa hajui aiweke mlangoni pa chumba gani.

Wewe na mimi tumelelewa na chungwa hilo. Hajawahi kutuambia samahani hata siku moja. Akikukosea anakumenyea tunda, anagonga mlango, anasema kula, anaondoka, na kesi imekwisha. Tulikuwa tunacheka, unakumbuka, tukisema kwamba tukiona papai zima limekatwa basi Mama amefanya kosa kubwa. Lakini chungwa halipiti kwenye simu, Dada. Hilo ndilo lililomshinda, na ndilo ninalotaka kukueleza, ila nitaanzia kwenye midoli yangu kwa sababu yote yalipitia huko.

Uliniuliza mara ya mwisho kama bado nachezea midoli. Bado. Karakana yangu ni chumba kimoja katika jengo la viwanda vya zamani, katikati ya fundi wa mageti na jamaa anayechapisha fulana. Wewe ulinijua wakati nafanya kama wenzangu wote. Nilikuwa nachukua mdoli mweupe wa vinili, ile plastiki laini, usio na sura wala nguo, tumbo mbele na masikio mawili ya duara. Nauosha kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, nautumbukiza kwenye maji ya moto mpaka ulainike, nang'oa kichwa, nasugua kwa msasa, naongeza pembe au mabawa kwa gundi ya kufinyanga, halafu rangi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Nilikuwa natoa mazimwi mazuri tu. Tatizo ni kwamba mji mzima ulikuwa unatoa mazimwi mazuri. Siku moja niliyapanga ya kwangu mezani nikaona hata mimi siwezi kutofautisha la mwaka huu na la mwaka juzi.

Njia ninayotumia sasa ilitokana na uzembe wangu. Nilikwenda sokoni nikasahau mdoli mmoja mweupe juu ya meza ya Mzee Ngau, muuza samaki. Niliporudi kuufuata, baada ya siku kadhaa, nilimkuta ameuweka pembeni ya gogo lake la kukatia. Sikio moja lilikuwa na chale ya kisu, magamba yamekauka tumboni, na mguu umeingia rangi ya damu ya samaki. Akaniambia, "Huyu mwanao ana adabu kuliko wateja wangu, hajaniuliza hata mara moja kama samaki ni wa leo. Mwache akae." Nilicheka, nikaondoka nao bila kuuosha. Karakanani niliuangalia mpaka macho yakachoka. Nikaona kwamba Mzee Ngau amekwisha kufanya kazi, mimi nimebakiza kidogo tu. Niliyafunika magamba kwa vanishi yasibanduke, nikaifuata ile chale kwa rangi mpaka ikawa shavu la samaki, basi. Tangu siku hiyo sipaki mdoli ambao haujaishi mahali.

Kwa hiyo sasa naipeleka ugenini. Namkabidhi mtu mdoli mweupe na kumwomba mambo mawili: asiufiche, na asiuchafue makusudi. Auweke pale mikono inapopita. Ukirudi, mimi kazi yangu ni kufuata alama. Ule uliokaa kwenye duka la bata wa kuchoma ulirudi wa manjano kwa moshi na mafuta, nikaiacha ngozi hiyo hiyo na kupaka midomo tu. Ule wa mlinzi wa jengo letu ulirudi kichwa kizima kimechorwachorwa, kwa sababu jamaa alikuwa akijaribia kalamu zake hapo kabla ya kuandikisha wageni. Michoro ile nimeigeuza nywele. Mlinzi alipoiona alisema angejua ni sanaa angejaribia kalamu nyekundu pia.

Bwana Szeto, mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho kule Sham Shui Po, aliipenda kazi hii akanipa ukuta mzima kwa mwezi wa Agosti. Alinitaka jambo moja tu, kwamba mdoli mmoja uwe umeishi nyumbani kwetu. Alisema haiwezekani niingie katika maisha ya mtaa mzima halafu kwangu nifunge mlango. Nilijikuna kichwa, maana unajua Mama anavyoichukia kazi yangu, lakini nikaenda kwake Tsz Wan Shan na mdoli ndani ya mfuko.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Nimepaka macho ya wanasesere kiwandani ujana wangu wote mpaka ya kwangu yakafifia, ili nyinyi msome. Mmoja kasoma akahamia kwa watu. Mwingine kasoma akarudi kwenye wanasesere." Akaushika mdoli kwa vidole viwili, akauweka kwenye rafu iliyo kando ya simu ya nyumbani, akaniuliza kama mdoli nao unakula. Nikamwambia hauli. Akasema basi una nafuu kuliko mimi.

Nilipokwenda kuuchukua, Dada, niliukuta mweupe. Si mweupe wa kawaida, mweupe kuliko siku niliyoupeleka, unanuka sabuni na dawa ya madoa mpaka pua inawasha. Hauna alama ya kidole. Nilipandwa na hasira, maana maonyesho yalikuwa karibu. Nikamwambia Mama kwamba nilimwomba aache tu uishi, asiuguse kwa sabuni. Akanijibu, "Kitu cha mtu nikirudishe kichafu? Mwenyewe atasema nini?" Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema, "Ndiyo, na ona unavyosema."

Nilirudi karakanani nimenuna. Nikauweka mdoli chini ya taa ili nione kama kuna walau mkwaruzo mmoja wa kufuata. Ndipo nikaona kwamba kichwa kimelala upande, kidogo tu, kuelekea kulia. Nilidhani ni kasoro ya kiwanda. Nikachemsha maji ili nikinyooshe, ni kazi ndogo, unalainisha shingo, unainyoosha, unatumbukiza kwenye maji ya barafu ikakamae. Maji yalipochemka nilisita. Vinili haijipindi yenyewe. Inalainika kwa maji ya moto, na inapopoa inabaki vile ilivyoegemea. Kuoshwa mara moja hakuwezi kupinda shingo kiasi kile. Ilimaanisha mdoli umeoshwa kwa maji ya moto na kuegemezwa mahali pale pale, tena na tena. Mtu anayeosha kitu kisicho na uchafu mara zote hizo haoshi uchafu. Dada, niliogopa. Nilizima jiko, nikakaa chini, nikafikiria mambo ambayo watoto wa mama wazee wanayafikiria.

Siku iliyofuata niliurudisha mdoli Tsz Wan Shan. Ndani ya lifti nikakutana na Bi Kuk, jirani yetu wa mlango wa pili, na unamjua Bi Kuk, lifti kwake ni redio. Akaniuliza kama Mama hajambo, nikasema hajambo. Akasogea karibu akaniambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa maneno, lakini mama yako anakwenda mkahawani asubuhi na mwanasesere. Anamsuuza kwa chai ya moto pamoja na vijiti vya kulia na bakuli. Anamwagizia mkate wa nyama. Halafu anamfokea. Wahudumu wanajifanya hawaoni." Mkate wa nyama, Dada. Mama hali mkate wa nyama, mimi sili. Katika nyumba ile aliyekuwa akiula ni mtu mmoja tu.

Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza siku hiyo. Nilimwachia mdoli, nikamwambia kichwa kimepinda, akae nao kidogo zaidi. Aliupokea haraka kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyofuata nikaja bila kumwarifu, nikiwa nimeshaulizia kwa daktari wa wazee na nimebeba machungwa kama kisingizio. Mlango wa mbao ulikuwa wazi ili upepo upite, geti la chuma tu ndilo lilikuwa limefungwa. Nilikuwa natafuta funguo nikamsikia akiongea.

"A-Sum, ni mimi. Umekula?" Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri jibu. "Mmekula nini? Nani kapika? Ho-fai? Ho-fai anajua kupika nini zaidi ya mayai, ndiyo maana mmekonda, mimi nilikwambia tangu mwanzo mwanamume yule..." Akakatiza. Akasonya. Nikasikia maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni, kitambaa kikisugua, maji yakimwagwa. Nyayo zake zikarudi sebuleni. Kitu kikaegemezwa kwenye rafu. "A-Sum, ni mimi. Umekula?"

Safari ya pili alivuka salama habari za chakula, akamsifia Ho-fai kwa kazi yake mpya, akauliza kuhusu baridi, halafu akateleza kwenye koti. Alisema unajifanya kijana, hufungi vifungo, na ukiugua nani atakuja huko kukuuguza. Akasonya tena, maji tena, kitambaa tena. "A-Sum, ni mimi. Umekula?" Nilisimama pale nje na mfuko wa machungwa mkononi nikilia bila sauti. Sikulia kwa huzuni tu. Nililia pia kwa furaha, kwa sababu nilielewa kwamba Mama hana ugonjwa wowote.

Nilipofungua geti alishtuka, akauficha mdoli nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na peremende. Akaniuliza nimefika saa ngapi. Nikasema sasa hivi tu. Akasema, "Muongo. Macho yamevimba hayo." Akakaa, akauweka mdoli magotini. Kisha akasema, "Unadhani nimeshikwa na wazimu. Bi Kuk naye anadhani hivyo, na ndiye aliyekueleza, mdomo ule. Sina wazimu. Najifunza."

Nikamuuliza anajifunza nini.

"Kusema na dada yako bila kuharibu."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sijawahi kumsikia akisema mengi hivyo bila kugomba. Alisema kwamba kiwandani, jicho likipakwa vibaya, ulikuwa na muda mfupi kabla rangi haijakauka. Ulikuwa unachovya kitambaa kwenye tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, unafuta, uso unarudi mweupe, unapaka upya, na msimamizi hajui. "Mimi nilikuwa mzuri kwa kufuta," alisema. "Kuliko kupaka. Lakini kwa mtoto wako hakuna tina. Ukishasema, limekauka. Huyu angalau anaoshika. Nikikosea namwosha uso, inakuwa kama hajasikia, naanza tena." Kisha akanyanyua mdoli, akaugeuza, akasema kwa sauti ya kujitetea kwamba amejitahidi kuukausha vizuri, anauegemeza kwenye simu ili usianguke, na kama shingo imepinda basi ni kwa sababu anaosha mara nyingi, na anaosha mara nyingi kwa sababu yeye ni mjinga.

Nikamwambia si mjinga. Nikamuuliza anafika wapi siku hizi kabla ya kuharibu. Alifikiri kwa dhati, kama mwanafunzi. Akasema chakula ameshakiweza, kazi ya Ho-fai ameiweza, koti bado linampa shida. "Nikifika kwa mtoto ndipo naharibikiwa kabisa."

Hapo akanieleza jingine, na hili ndilo lililonivunja moyo. Mwezi wa Julai alijiona yuko tayari. Alinunua kadi ya kupigia simu nje, akapiga namba yenu. Aliyepokea ni Ching. Mama alikuwa amejiandaa kwa sauti yako, si kwa sauti ya mtoto, na mtoto akamwuliza kwa Kiingereza ni nani. Mama anasema alijua jibu. Kwa lugha yoyote alijua jibu, ni neno moja tu, Popo, lile la Kikwetu la bibi mzaa mama. Halikutoka. Akakata. Simu ile uliyonilalamikia, ukasema matapeli wa Hong Kong sasa wanawasumbua mpaka watoto, ilikuwa ni bibi yake Ching amesimama kando ya rafu na mdoli umemwegemea mkono.

Basi, maonyesho yamefanyika. Mdoli wa Mama nimeuweka kama ulivyo. Sikupaka kitu, sikuutia vanishi, na unyayoni sikuweka saini yangu kama ilivyo desturi yetu, kwa kuwa kazi si yangu. Bwana Szeto alipouona alishika kiuno. "Kiu, dada yangu, watu wavuke bahari waje waone plastiki iliyooshwa?" Nikamwambia katika midoli yote ya ukuta ule, huo ndio ulioguswa zaidi. Hakuelewa, lakini ni muungwana, akaniachia. Nikauweka kwenye kimo cha sikio la mtu mzima. Nilichokiona baadaye sikukitarajia. Watu walikuwa wakicheka mbele ya samaki na bata, wakifika kwa ule mweupe wanainamisha vichwa vyao upande uleule. Alikuwepo bwana mmoja wa suti aliyetazama huku na huku, akausogelea, akauambia kitu. Sijui alisema nini. Alirudi tena kesho yake.

Mama alikuja siku ya pili, amevaa lile koti la kahawia alilovaa kwenye harusi yako. Alipita mbele ya kazi zangu zote akitoa hukumu. Wa Mzee Ngau unanuka, wa bata unahitaji sabuni, wa mlinzi unaonyesha kwamba mlinzi hana kazi. Alipofika kwa wake akatoa leso ili aufute vumbi. Mhudumu akamwambia kwa adabu kwamba hairuhusiwi kugusa. Mama akamwangalia. "Huyu namwogesha kila siku, kijana. Wewe umemjua lini?" Ukumbi mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo, nilimwona. Mkusanyaji mmoja wa sanaa alitaka kuununua mdoli ule. Kabla sijafungua mdomo Mama akamjibu kwamba haiwezekani, huyu bado ana kazi nyumbani. Maonyesho yalipofungwa akaja na mfuko wake wa sokoni akauchukua mwenyewe.

Njia yangu ya kazi sasa imebadilika kidogo, na hilo nalo nataka ulijue, kwa kuwa wewe ndiye uliyeninunulia brashi za kwanza. Zamani nilikuwa naona alama ni kitu kinachobaki. Sasa kabla sijapaka, namuuliza aliyekaa na mdoli ni nini alichokifuta. Wengi wanashangaa, halafu wanakaa chini, wanaeleza. Nina kazi ya kunitosha mpaka mwakani na naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kufika karakanani. Sikuwa hivyo kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya ninunue stempu. Siku ile Mama aliniapisha nisikwambie. Aliniapisha kwa jina la Baba, mbele ya picha yake, na mimi nikaapa huku nikijua kwamba sitatimiza. Navunja kiapo kwa makusudi, na Baba atanielewa, alimwoa. Nimevunja kwa sababu juzi Mama aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, Jumapili jioni ya hapa huwa ni saa ngapi kule kwenu. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Akasema anafikiria kuwapigia Jumapili ya kwanza baada ya Sikukuu ya Mwezi Mpevu, kwa sababu kwenye sikukuu yenyewe mtu asipopokea inauma zaidi. Halafu akasema hatapiga mara ya tatu.

Namwamini. Unamjua. Na wewe uliniambia kwamba tangu Julai hupokei tena namba za ajabu kutoka huku, na Ching umemkataza. Kadi ya Mama inatoa namba ya ajabu. Nilijiona nikiwa nimesimama katikati yenu nimeapa kunyamaza, huku simu inalia sebuleni kwenu, nanyi mnaiangalia mpaka inyamaze. Nisingejisamehe.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, Dada, simu ikilia asubuhi na namba ikawa ya kipuuzi, pokea. Sikuombi umsamehe kabla hajasema kitu. Sikuombi hata usimkasirikie. Nakuomba umpe muda. Atafika kwenye koti, atakosea. Huenda akafika kwa mtoto, akakosea vibaya. Ukisikia amekatiza katikati ya neno na kusonya, usikate simu, si wewe anayekusonya. Nyamaza kidogo, mwache aanze tena. Na akikuuliza kama umekula, usimwambie umekula, maana hapo atakosa la kuendelea nalo. Mwambie bado.

Nisalimie shemeji Ho-fai, mwambie mayai yake yanasifika mpaka Tsz Wan Shan. Mbusu Ching kwa ajili yangu, na kama utaona inafaa, mfundishe lile neno moja, ili simu ikiangukia kwake atangulie kulisema yeye. Bi Kuk anakusalimu, na Bwana Szeto pia ingawa hamjuani. Mama hakutumii salamu, kwa kuwa hajui kama naandika. Za kwake anakuja nazo mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Wai-kiu